Kidonda sehemu za siri, hakiumi, niende kupima kweli?

Swali: Mimi dereva wa lori, nalala sana Malaba upande wa Uganda. Nimetokewa na kidonda kimoja kwenye uume, hakiumi hata kidogo. Nisubiri kikauke?

Usisubiri ndugu yangu. Kidonda kimoja, kingo ngumu ukigusa, hakina usaha, hakiumi, hapo cha kwanza kufikiria ni kaswende. Kinatokea siku 10 mpaka 90 baada ya kuambukizwa, wengi kama wiki 3, kwa hiyo usimrukie wa juzi kumlaumu. Kinachonisumbua sana ni kwamba kinapona chenyewe, wiki 3 mpaka 6 bila dawa yoyote, mtu anasema asante Mungu anawasha gari anaenda Juba, kumbe ugonjwa uko kwenye damu, baadaye vinakuja vipele mpaka kwenye viganja na nyayo, na miaka ikipita unaweza kufika kwenye moyo na ubongo.

Swali: Na kama kinauma?

Angalia kilivyoanza. Vilengelenge vidogo vidogo vimejikusanya pamoja, vikapasuka, mkojo ukigusa unaungua, halafu vinarudi tena palepale, hiyo ni herpesi, haitoki mwilini ila vidonge vya asaiklova vinaituliza. Pangusa yenyewe, ugonjwa mwingine wa zinaa, ina kidonda laini chenye usaha, kinatoka damu ukigusa, na mtoki unavimba kinenani. Tena tangu Agosti 2024 mpoksi (ndui ya nyani) imethibitishwa hapa Uganda, nayo inaweza kutoa vidonda huko huko. Lakini macho yanadanganya jamani, hata daktari anaweza kukosea kwa kuangalia tu, na mtu anaweza kuwa na mbili pamoja.

Swali: Si ninunue tu dawa hapo dukani?

Vidonge viwili vitatu vya kubahatisha haviponyi kaswende, tiba yake ni sindano ya penisilini benzathini (kama una mzio nayo, yaani mwili wako unaikataa, waambie mapema). Nenda senta ya afya, omba upimwe kaswende na HIV vyote, maana kidonda kinaipa HIV njia rahisi ya kuingia. Ukipima mapema sana majibu yanaweza kusema huna, rudia baada ya wiki chache.

Swali: Mke wangu hana kitu, naye aende?

Aende, na msilale pamoja mpaka wote mtibiwe na vidonda viishe. Kwa mwanamke kidonda kinaweza kujificha ndani kabisa, hakionekani wala hasikii maumivu. Akiwa na mimba ndiyo usichelewe hata siku, kaswende inapita kwa mtoto, inaweza kumuua tumboni, na kliniki ya wajawazito wanapima kwa tone la damu ya kidole tu.