Kiwewe Changamani: "Yameshapita" Si Dawa

Kiwewe changamani ni nini?

Ni ugonjwa wa akili unaompata mtu aliyepitia mateso mazito, mara nyingi ya kurudiarudia, mahali ambapo hakuwa na pa kukimbilia. Mtoto anayeumizwa na watu wa nyumbani. Mwenza anayeishi na kipigo miaka nenda miaka rudi. Mateka, au mfungwa aliyeteswa. Daktari wa akili Judith Herman wa Marekani aliuelezea mwaka 1992, na sasa Shirika la Afya Duniani linautambua kama ugonjwa unaojitegemea katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022.

Unatofautianaje na kiwewe kingine?

Kiwewe chochote kina dalili kuu tatu: tukio hurudi kana kwamba linatokea sasa hivi, mtu hukwepa kila kinachomkumbusha, na mwili hukaa chonjo usiku na mchana. Kiwewe changamani huongeza tatu nyingine: hisia zinazolipuka au kufa ganzi kabisa, kujiona si kitu, na kushindwa kuwa karibu na watu hata wale anaowapenda.

Ukikaa na mgonjwa wa namna hii katika chumba cha matibabu utaona. Anachagua kiti kinachotazama mlango, mgongo ukutani, mkoba mapajani. Kiti kikilia kidogo, anaomba radhi. Mkononi ana bahasha ya vipimo vya kichwa, tumbo na moyo, vyote safi. Amezunguka kwa madaktari miaka mingi, na hakuna aliyemuuliza amepitia nini.

Lakini ni mambo ya zamani. Si muda utaponya?

Hapana. Wapo wanaopata nafuu wenyewe miezi ya mwanzo, hilo ni kweli. Lakini ambaye miaka imepita na bado anaamka usiku akitokwa jasho, huyo hangojei muda. Huyo anahitaji matibabu.

Tukimwambia asahau, si tunamsaidia?

Hapana, tena hapana. Naandika haya kwa sababu nimechoka kupokea watu walioambiwa "yameshapita, nyamaza, usituaibishe" na mama, na shangazi, na viongozi wa dini, mpaka wakaamini kosa ni lao. Kukwepa ndiko kunakoulisha ugonjwa huu. Kumbukumbu inayofukuzwa kila inapobisha hodi haipati nafasi ya kupangwa mahali pake kama jambo lililokwisha, kwa hiyo inarudi vilevile na hofu yake yote. Na anayenyamazishwa anajifunza kwamba alichofanyiwa ni aibu yake.

Aibu hiyo na kujilaumu huwachelewesha wengi kutafuta tiba. Mtoto hujilaumu kwa sababu kuamini "mimi ni mbaya" ni rahisi kuliko kuamini kwamba anayemlisha ni hatari. Akiwa mtu mzima bado anaishi na hukumu hiyo. Ndugu wapendwa, msiiongezee nguvu. Msiseme asahau. Mwambieni, "Nakuamini, halikuwa kosa lako," kisha mumsindikize kwa mtaalamu.

Mbona anapozungumza nasi mara anakuwa kama hayupo?

Akili yake inajitenga. Wakati wa mateso, kujitenga na mwili kulimwokoa. Sasa kunamjia hata pasipo hatari. Si dharau wala si mapepo. Mwite jina lake kwa upole, mwombe akanyage sakafu kwa nguvu na ataje vitu anavyoviona mbele yake. Usimtikise.

Pombe kidogo au vidonge vya usingizi havisaidii?

Vinazima usiku mmoja tu. Dawa za jamii ya diazepamu hazitibu kiwewe, na mazoea yake huja haraka. Kama umeshazitumia muda mrefu usiache ghafla, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Matibabu yenyewe ni yapi?

Msingi ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe. Mtaalamu hukusaidia kuyarudia yaliyotokea kwa kipimo unachokimudu, na kuzichunguza imani kama "nilistahili". Ipo pia tiba ambayo mgonjwa huikumbuka picha ya tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia. Dawa za sonona kama sertralini huwasaidia baadhi. Kwa kiwewe changamani tiba huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kwanza mtu hujifunza kutuliza hisia na kumwamini aliye mbele yake.

Kama anayekuumiza bado mko naye nyumba moja, usalama wako ndio hatua ya kwanza ya tiba. Mwambie mtaalamu hivyo waziwazi.

Nitalazimishwa kusimulia yote siku ya kwanza?

Hapana. Anayekulazimisha amekosea, na una haki ya kutafuta mwingine. Siku ya kwanza inatosha kusema: "Nilifanyiwa mabaya kwa muda mrefu, silali, na sijiamini." Ila kama unawaza kujiua, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali leo.