Dakika za ziada si kubebwa

Wiki hii nimeisikia tena dhana kwamba muda wa ziada kwenye mtihani ni upendeleo, safari hii kwa baba aliyetoka Newala hadi Mtwara mjini na matokeo ya chuo ya bintiye mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, mkononi. Sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, zote za mitihani ya kuandika. "Mwalimu, muda wa ziada tusiombe. Watasema mwanangu kabebwa." Wahadhiri nao huniambia hivyohivyo. Katika kazi hii ya kuwashauri wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza, hakuna dhana inayonichosha kama hii.

Mwenye disleksia hajapungukiwa akili. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeweza hesabu lakini kusoma kukamshinda. Mwalimu wake alisema angewapita wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Miaka zaidi ya 120 imepita na bado naulizwa kama ni uvivu!

Kinachomchelewesha ni kulitambua neno. Sisi wengine tukiliona tumeshalijua. Yeye hulijenga upya, sauti kwa sauti, na akifika mwisho wa swali refu, mwanzo umeshamtoka. Anarudia. Wenzake wako swali la tatu. Je, mtihani huo wa saa tatu unapima biolojia au kasi ya kusoma? Mkulima wa Newala analijua hili: gunia lililolowa likipandishwa kwenye mizani, kilo zinazosomeka si za korosho peke yake. Dakika za ziada hukausha gunia tu, haziongezi korosho hata moja. Asiyejua somo, mpe hata siku nzima, ataishia kutazama dari.

Wala si jambo geni. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwenye masomo mengine. Sioni kwa nini haki hiyo ikomee mlangoni mwa chuo.

Wengine huniuliza, "Mbona darasa la saba alifaulu?" Alisoma kwa Kiswahili, ambacho husomeka kama kilivyoandikwa. Humo disleksia hujificha: mtoto husoma polepole, ila hakosei sana. Kisha anakutana na Kiingereza, ambako "though" na "through" zimepishana herufi moja na sauti zake haziko karibu kabisa.

"Basi wapewe maswali ya kuchagua, ni mepesi." Majibu manne yanayokaribiana, na "isipokuwa" imejibanza katikati ya sentensi, ni mtego wa kusoma. Ningependa wahadhiri watunge maswali mafupi ya kujieleza, au waulize kwa mdomo. Hata mdomo haumfai kila mtu, maana wapo ambao maneno huwakimbia wakiulizwa ghafla.

"Anunue miwani." Apimwe macho, sawa, lakini disleksia haitokani na macho.

"Akikua itakwisha." Haiishi. Mtu hujifunza mbinu za kuishi nayo.

Yule baba nilimwambia maombi yapelekwe ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki ya kwanza ya muhula, si siku mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, pamoja na ripoti ya tathmini. Yataje na majaribio ya katikati ya muhula, kwani alama zake nazo zinahesabiwa. Akatoa kalamu aandike palepale. Nikamwomba aje na binti Jumatatu, kwa sababu barua hiyo ni ya mwanafunzi kuisaini.