Fildi ya makumbusho: mnachodhani na nilichokikuta

Nilipomwambia mama nimepata fildi makumbusho, yale mafunzo ya kazi ya chuo, akaniangalia kwa huruma, "Makumbusho stendi? Unaenda kupiga debe, baba?" Na simlaumu, Dar hii ukitamka Makumbusho mtu anaona daladala na wauza chaja za simu, wachache wanakumbuka kwamba stendi yenyewe jina imelitoa kwa jirani yake, Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo penye zile nyumba za asili za makabila mbalimbali. Mi sikuwa stendi wala sikuwa hapo kijijini, nilikuwa sehemu nyingine ambayo jina tuliache, ila ni makumbusho kweli, na kazi ilikuwa kusaidia kambi ya sanaa ya watoto likizo ya mwezi wa sita, wiki 4, watoto wa miaka 5 hadi 12. Tangu nimalize kila ninayekutana naye ana lake analodhani, mtaani, chuo, mpaka kwenye grupu la ukoo, kwa hiyo acha niyamalize yote hapahapa nipumue.

DHANA: Ulikuwa unachora siku nzima na hela unapewa.

Hela ilikuwa nauli na sahani ya wali maharage mchana, tuanzie hapo. Na brashi nimezishika sana tu, ila kuziosha. Saa moja na nusu asubuhi uko pale unakata maboksi, unagawa rangi kwenye vizibo vya chupa, unajaza maji kwenye makopo, tena makopo mawili kwa kila meza, moja la kuoshea nyekundu na njano, lingine la bluu na nyeusi, maana ukiweka moja tu ikifika saa nne maji ni tope, na kila picha kuanzia hapo inatoka rangi ya tope, na mtoto wa miaka 6 hakuelewi ukimwambia ni maji, anajua we ndo umemharibia jua lake.

Afu kuna upepo. Mwezi wa sita kusi inavuma, sisi tumekaa barazani, karatasi zinapaa kama njiwa. Siku ya kwanza nilikimbia mpaka getini. Siku ya pili kila mtoto alikuwa na mawe yake 4, moja kila kona, na mawe yenyewe wakayapaka rangi, mpaka wiki inaisha mawe yalikuwa mazuri kuliko michoro (sitanii, wazazi wawili waliomba wabebe mawe).

Na gundi je. Wiki ya kwanza tulitengeneza vinyago vya uso vya magazeti, unapuliza puto, unabandika vipande vya gazeti kwa uji wa ngano tabaka juu ya tabaka, ukikauka unapasua puto unabaki na gamba. Uji wenyewe unaukoroga na maji baridi kwanza usifanye mabonge, ndo unaupeleka jikoni, na unatia chumvi ya kutosha ili usiote ukungu. Mimi chumvi nilisahau. Ijumaa tukaviacha ndani, madirisha yamefungwa, Jumatatu tunafungua mlango vinyago 19 vina ndevu za kijani na sisimizi wamejipanga foleni kama wanasubiri mwendokasi. Watoto walifurahi balaa, mmoja akasema chake kimekuwa mzee. Mkuu wangu hakufurahi.

DHANA: Lazima uwe mchoraji.

Hapana. Mwenzangu wa fildi anasoma uhasibu, hata nyumba ya pembetatu na mraba inamshinda, na ndo alikuwa bora kuliko mimi. Sababu ntaisema mbele.

DHANA: Si ndo ile inaitwa kambi ya kiangazi?

Barua yangu iliandikwa hivohivo, kambi ya kiangazi, wakati kila mtu wa pwani anajua mwezi wa sita ni kipupwe na watoto walikuwa wanaletwa asubuhi na masweta. Jina limetoka Marekani, huko kambi za namna hii zipo tangu 1861 na mwezi wa sita kwao ndo joto linaanza. Wametafsiri jina wakasahau kuangalia nje dirishani.

DHANA: Kazi ya kulea watoto, iachie kina dada.

Hii ya kijiweni kwetu Tandika, waliniita yaya mwezi mzima. Sawa. Ila hao watoto 30 kuna anayevimba midomo akila karanga, kuna mwenye pumu na dawa yake iko kwenye begi la bluu siyo la zambarau, na kuna utaratibu wa chooni kwamba mtu mzima haendi na mtoto peke yake hata iweje, mnakuwa wawili au mnasimama mlangoni mnaonekana. Hiyo sheria inamlinda mtoto na inakulinda na wewe, na nilipoielewa nikaacha kuona kama wananishuku mimi.

Kipimo chenyewe hasa ni saa tisa, wakati wa kuchukuliwa. Kuna daftari, kila mtoto ana majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, jina kama halimo mtoto hatoki. Alhamisi moja kaja bibi mmoja, kajifunga khanga vizuri, mkoba kwapani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Niitie Nasra twende, foleni ya Tazara unaijua."

Nikafungua daftari, yumo mama, yumo baba, bibi hayumo. Nikamwambia bibi naomba ukae kidogo nimpigie mama yake, jina lako sijaliona hapa. Weee. "Mama yake nimemzaa mimi, na wewe mtoto wa juzi unaniangalia kwenye daftari?" Nasra mwenyewe ananing'inia shingoni kwa bibi yake, yaani hamna shaka hata chembe ni bibi yake, pua ni ileile, na simu ya mama haipatikani. Nilimletea kiti na maji, nikasimama pembeni kama niliyeiba kuku, dakika 25, mpaka mama akapatikana akasema ndiyo ni mama yangu mwacheni. Bibi akasaini, akaninyooshea kidole: "Umefanya vizuri. Ila umenichosha."

DHANA: Tingatinga ni sanaa ya kale ya mababu.

Hii nilikuwa naiamini hata mimi. Wazazi wengi wanataka mtoto atoke na tingatinga, ya kale, ya asili, kumbe ni ya juzi tu, imeanza 1968 hapahapa Dar, na Tingatinga ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, Tunduru, alikuja mjini kutafuta maisha akaanza kuchora wanyama kwenye silingibodi kwa rangi ya mafuta ile inayopakwa baiskeli na kuuza pale Oysterbay. Hiyo ilikuwa bodi na rangi ya bei ya maskini, ndo maana. Akachora kama miaka 4 tu, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka 4, na ukipita leo Morogoro Stores, hukohuko Oysterbay, bado wapo wanaochora kwa mtindo wake.

Mzazi mmoja alilalamika kwa nini tunawapa watoto rangi ya maji badala ya "ile yenyewe". Mama, ile yenyewe inasafishwa kwa thina, harufu yake inapanda kichwani na kukauka inataka siku nzima, mwanao ana miaka 5 na anafutia pua kwa mkono.

Ila kilichonimaliza ni siku tunaanza. Nikasimama mbele kwa madaha nikatangaza, haya leo kila mtu atachora tingatinga! Dakika 10 nazunguka meza, nakuta kijana mmoja kachora matairi mawili makubwa mawili madogo na bomba la moshi. Trekta. Wa pili yake katingwa na katapila lile la kubomolea nyumba, na dereva ndani. Sasa utawakatalia vipi, Kiswahili wamekisikia sawasawa. Tukayatia madoadoa ya njano, yakabandikwa na chui na ndege wengine ukutani.

DHANA: Watoto makumbusho watachoka, ni mafuvu na vyungu tu.

Wanachoka ukiwasomea vibao. Wiki ya tatu tuliwapeleka Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, yale yaliyofunguliwa 1940 enzi za Mwingereza, kuona habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey huko Bonde la Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lina kama miaka milioni 1.75. Mimi nilijiandaa kwa hotuba. Mwenzangu wa uhasibu akawaambia jambo moja tu: huyu alipopatikana taya la chini halikuwepo, mchoreeni. Basi. Nusu saa kimya, wamelala sakafuni kwa matumbo, wanachora meno. Wakaona wenyewe magego yake makubwa mno, wakaona ule mfupa uliosimama juu ya kichwa kama shungi la jogoo, wakauliza ni wa nini, ndo tukawaambia misuli ya kutafunia ilikuwa inajishikiza pale. Mmoja akamchorea muwa mdomoni. Nikataka kumwambia bwana enzi hizo muwa utoke wapi, nikanyamaza, na nilivyorudi nyumbani nikasoma kwamba zamani walidhani huyu jamaa ni mpasua karanga, walipokuja kupima meno yake wakakuta chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii hiyo. Na muwa ni jamii ya nyasi. Sijui niseme nini.

Kadhana kengine humohumo: Zinja siyo babu yetu. Ni tawi la pembeni lililokatika, ndugu wa mbali aliyekufa bila kuacha watoto, na hapo mtoto mmoja aliuliza kama alizikwa.

DHANA: Ni kambi ya watoto wa Masaki.

Nusu labda. Kulikuwa na nafasi za bure kwa shule za jirani, na ukishawavalisha wote mashati ya zamani ya baba zao hujui nani kaja na Prado nani kaja na bajaji. Ukitaka kujua angalia nani anabana rangi asiimalize.

DHANA: Si mnawasaidia wachore vizuri?

Hili ndo nilitaka kulifikia. Ijumaa ni maonyesho, wazazi wanakuja, na kuanzia Jumatano mikono inakuwasha. Unaona mtoto anachora watu ni kichwa, miguu inatokea kwenye mashavu, hamna tumbo, unataka umwelekeze, kumbe wa miaka 3, 4, mpaka wengine 5, wanachora hivo dunia nzima na linaisha lenyewe. Unaona anga ni mstari wa bluu juu kabisa, ardhi mstari wa kijani chini, katikati peupe, na baba mtu anauliza mbona hajamaliza. Amemaliza. Kwa mtoto wa miaka 6 anga liko juu, ardhi iko chini, ukimwuliza hapo katikati pana nini anakujibu "hewa", na nani atabisha. Wale wakubwa wa miaka 9, 10 ndo wanaanza kufuta mpaka karatasi inatoboka kwa sababu wanataka ifanane na kitu chenyewe, na hao ukiwasahihisha mara mbili hawachori tena.

Kuna dogo alikuwa anachanganya nyeusi kwenye njano, mi nina haraka nikamwambia utapata uchafu, acha. Hakuacha. "Anko, nimepata kijani na sijatia bluu." Nikaenda kuangalia, kijani kweli, ile ya majani ya mwembe mkavu. Mi nimesoma sanaa miaka miwili, nasikia kwake.

Yule wa uhasibu hakuwa na tatizo hilo kwa sababu hajui, akiulizwa "dada, pundamilia anakuwaje?" anajibu sijui, hebu tuangalie. Mi najua, ndo shida yangu.

Alhamisi ya wiki ya mwisho kulikuwa na binti wa miaka 7 kachora twiga, mwili upo, shingo ipo, ameshaweka miguu miwili ya mbele mifupi imepinda kama mikasi, akaenda kunywa maji. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikammalizia miguu ya nyuma. Mizuri, ina magoti na kwato, kivuli kidogo. Akarudi akasimama, akaangalia picha, akaniangalia, hakulia wala nini. Akachukua karatasi mpya akaanza samaki. Ijumaa nikamwambia chukua na twiga wako, akasema, "Siyo wangu, wa anko."

Nimembandika chumbani kwangu juu ya kitanda. Juzi mama kaingia kufagia, hajui stori yoyote, kasimama na ufagio akamwangalia yule twiga muda mrefu kidogo. "Huyu mbona," akasema, "miguu ya nyuma kaazima?"