Je, wajua kwa nini taya lililofanyiwa upasuaji halipewi likizo?

Mtu akivunjika mkono hufungwa plasta na kuambiwa autulize. Ndiyo maana mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kiungo cha taya hushangaa pale, uso ungali umevimba, mtaalamu wa fiziotherapia anapomshikisha kioo na kumwambia afungue kinywa. Mara nyingi hilo hutokea siku chache tu baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Na daktari huyohuyo aliyeagiza mazoezi ndiye aliyemkataza kutafuna chochote kigumu kwa wiki kadhaa. Sasa ashike lipi?

Ashike yote mawili. Siri imo kwenye kiungo chenyewe, na unaweza kukipapasa sasa hivi. Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua kinywa polepole. Kwanza utahisi kifundo kikizunguka mahali pamoja, kama bawaba ya mlango. Ukizidi kufungua, kifundo kinachomoka shimoni na kutelezea mbele. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, nacho hutembea chini ya mfupa wa panja. Kati ya mifupa hiyo miwili pana kisahani chembamba cha gegedu (tishu imara inayopindika, kama ile ya sikio), ambacho hufuatana na kichwa cha taya kila kinapokwenda. Kisahani hicho kikihama mahali pake, ndipo mtu husikia mlio wa "tak" anapofungua kinywa, au taya linakwama kabisa. Tatizo hili si geni: daktari Thomas Annandale wa Edinburgh alieleza mwaka 1887 jinsi alivyokirudisha kisahani mahali pake na kukishona.

Siku hizi "upasuaji wa taya" ni jina la mambo mengi. Kuna wanaosafishwa kiungo kwa sindano na maji ya chumvi tu, wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuna wanaoingizwa kamera nyembamba, kuna wanaofunguliwa kiungo kwa kisu mbele ya sikio, na kuna wanaowekewa kiungo kipya cha chuma na plastiki ngumu. Kupona hutofautiana mno, kutoka siku chache hadi miezi mingi, kwa hiyo usijipime kwa mwenzako kabla ya kujua yeye alifanyiwa nini.

Mwendo ni muhimu hivyo kwa sababu gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, na ute huo husambaa kiungo kinapotembea. Katika miaka ya 1970 daktari wa mifupa wa Kanada, Robert Salter, aliwafanyia majaribio sungura waliotobolewa gegedu la goti, akaona kwamba waliochezeshwa goti mfululizo walipona vizuri kuliko waliofungwa wasisogee. Sababu ya pili ni kovu. Mwili huziba jeraha kwa nyuzi, nazo nyuzi hizo zikiachwa hukaza na kushikamanisha vitu ambavyo vinapaswa kuteleza. Kovu la mkononi likikaza, ni doa tu. Kovu ndani ya kiungo cha taya likikaza, kijiko hakipiti. Wiki za mwanzo ndizo wiki ambazo kovu bado linasikia likiambiwa. Baadaye huwa kaidi.

Lakini kusogeza taya na kutafuna ni mambo mawili tofauti. Ukifungua na kufunga kinywa kitupu, kiungo kinateleza bila kubeba mzigo mkubwa. Ukiuma kitu kigumu, misuli ya mashavuni, ambayo ni miongoni mwa misuli yenye nguvu sana mwilini, hukigandamiza kichwa cha taya juu ya kisahani kilichotoka kushonwa. Ndiyo sababu chakula huwa cha majimaji, kisha laini cha kupondeka kwa ulimi, na kutafuna hurudi kidogokidogo kwa ratiba ya aliyekupasua. Napendekeza kula kidogo mara nyingi kwa siku, maana chakula cha majimaji hushibisha haraka na kuisha tumboni haraka, na mtu hukonda bila kutambua.

Mazoezi yenyewe ni ya milimita. Mtu mzima mwenye taya zima hufungua kama milimita 40 au zaidi kati ya meno ya mbele, upana wa vidole vyake vitatu. Baada ya upasuaji, wengi huanza na upana wa kidole kimoja. Baadhi hupewa vijiti bapa vya mbao, vile daktari anavyokandamizia ulimi: unavipanga pamoja, unaviweka kati ya meno, unavuta pumzi, kisha unachomeka kimoja zaidi katikati. Kijiti kimoja ni chini ya milimita 2, na siku nyingine huo ndio ushindi wote. Maumivu ya kuvutika yanavumilika. Yakiwa makali ya kuchoma, simama. Kioo nacho kina kazi: kidevu huelekea upande uliopasuliwa, kwa kuwa kiungo cha upande huo hakitelezi mbele kama mwenzake. Unajifunza kukinyoosha kwa macho kabla misuli haijakumbuka njia.

Kuna mambo mengine yanayotisha kuliko yanavyostahili. Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu ndipo uanze kushuka. Barafu siku mbili za mwanzo na kulala kichwa kikiwa juu husaidia. Meno kutokutana sawasawa kunaweza kutokana na majimaji yaliyojaa kiungoni, japo mwambie daktari. Aliyefunguliwa kiungo kwa kisu anaweza kushindwa kuinua nyusi au kufumba jicho upande huo, kwa sababu matawi ya mshipa wa fahamu wa uso hupita karibu sana na njia ya kisu, na huvutwa wakati wa kazi. Kwa wengi nguvu hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Hadi hapo jicho hutiwa dawa ya matone na kufunikwa usiku lisikauke. Hili lisipuuzwe hata siku moja.

Ya kukimbilia hospitali ni haya: homa, usaha, uvimbe unaoongezeka tena baada ya kushuka, meno kubadilika ghafla yanavyokutana, au pumzi kuwa nzito.

Na kuna miayo. Hii haiombi ruhusa: hufungua kinywa hadi mwisho, kwa nguvu, pasipo kijiti wala kioo. Ukiisikia inakuja, weka ngumi chini ya kidevu na uinamishe kichwa, taya lifunguke kadiri ngumi inavyoliachia.