Maswali na majibu: moyo na mishipa yake inavyoharibika, na inavyoonekana chini ya hadubini

Watu wengi wakisikia patholojia, yaani elimu ya jinsi ugonjwa unavyoharibu mwili, akili inaenda mochwari moja kwa moja, na ni kweli sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu ugonjwa wa moyo kilipatikana kwa kufungua mioyo ya watu waliokwishafariki na kuipitia mshipa mmoja mmoja. Elimu hiyo inawahusu zaidi walio hai. Haya ni maswali yanayoulizwa sana, nimeyajibu kwa lugha ya kawaida.

Kwani mtaalamu wa patholojia anafanya nini na moyo wa marehemu?

Kwanza anaupima uzito. Moyo wa mtu mzima unacheza kwenye gramu 250 hadi 350 hivi, ukikuta umefika 500 ujue kuna kitu, mara nyingi ni presha ya miaka mingi. Afu anakuja kwenye ateri za koronari, yaani ile mishipa inayoulisha moyo wenyewe, anaikata vipande vya milimita chache chache kuanzia juu mpaka chini akiangalia imeziba wapi na kwa kiasi gani. Kipande kinachotia shaka kinalowekwa kwenye fomalini (dawa ya kuzuia kuoza), kinazamishwa kwenye nta, kinachanwa vyembamba kabisa, mikromita 4 au 5 (milimita moja ina mikromita 1,000 kwa hiyo hapo piga hesabu mwenyewe), halafu kinatiwa rangi. Rangi za kawaida zinafanya viini vya seli viwe zambarau na msuli uwe wa pinki, ukitaka kuona kovu kuna rangi nyingine inayoligeuza bluu huku msuli ukibaki mwekundu. Kolestro yenyewe huioni, kwa sababu dawa za kuandaa nta zinayeyusha mafuta yote, unachoona ni nafasi nyembamba nyeupe zenye ncha pande mbili, pale fuwele za kolestro zilipokuwa zimekaa. Anayetaka kuyaona mafuta yenyewe inabidi agandishe kipande kwa baridi bila nta, akitie rangi maalumu, ndo yanatokea mekundu.

Mafuta yanazibaje mshipa? Si yanaelea kwenye damu afu yanashika pembeni?

Hapana, na hapa ndo wengi wanakosea. Mafuta hayakai juu ya ukuta wa mshipa, yanakaa NDANI ya ukuta. Ukuta wa ateri una tabaka tatu, na upande ule unaogusana na damu umefunikwa na utando wa seli safu moja tu, unaitwa endotheli. Presha ikiwa juu, sigara, sukari kuzidi kwenye damu, vyote hivyo vinaudhoofisha huo utando unaanza kupitisha vitu usivyotakiwa kupitisha, na kama kolestro mbaya (LDL) ni nyingi basi inapenya na kunasa chini yake, ikikaa pale inaharibika kikemikali. Kinga ya mwili inaiona kama adui. Zinakuja seli nyeupe, zinaingia ukutani zinageuka kuwa makrofaji, kazi yao ni kula, basi zinakula yale mafuta mpaka zinavimba, ukiziangalia kwenye hadubini zimejaa vijipovu mwili mzima. Zinakufa na mafuta yake tumboni, zinayamwaga palepale, zinakuja nyingine. Baada ya miaka unakuta katikati kuna uji wa mafuta na mabaki ya seli, na juu yake seli za msuli laini kutoka tabaka la kati zimehamia na kutengeneza kifuniko cha kolajeni, yaani nyuzi imara za protini. Lifikirie kama jipu: uchafu ndani, ngozi juu. Hiyo ndo plaki.

Na hili halijagunduliwa jana. Daktari Rudolf Virchow kule Ujerumani karne ya 19 alishasema mishipa hii inaonyesha dalili za inflamesheni, yaani mwili uko vitani pale. Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow akiwa St. Petersburg aliwalisha sungura kolestro safi na mishipa yao ikapata mabadiliko yanayofanana na ya binadamu. Mmoja alishika upande wa inflamesheni, mwingine wa kolestro, na watu walibishana miaka mingi sana wakati vyote viwili vinafanya kazi pamoja.

Huu si ugonjwa wa wazee?

Unaua wazee zaidi ila hauanzi uzeeni. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa vita ya Korea, wastani wa umri miaka 22, vijana waliopita vipimo vya jeshi, na asilimia 77 walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye koronari, wengine unene kidogo tu, wachache mshipa umeziba kabisa. Watu walishtuka. Baadaye ukaja utafiti mkubwa zaidi wa vijana wa miaka 15 hadi 34 waliofariki kwa ajali na sababu nyingine za ghafla, hapo kukaonekana kwamba hata kundi la miaka 15 hadi 19 wote walikuwa na michirizi ya mafuta kwenye aota (ateri kubwa inayotoka kwenye moyo), na zaidi ya nusu yao ilikuwepo pia kwenye koronari ya kulia.

Usiogope ukasema basi nimekwisha. Michirizi ya mafuta ni hatua ya mwanzo na inaweza kufutika, sio kila mchirizi unakuwa plaki. Ila mzazi anayesubiri mtoto afike miaka 50 ndo aanze kuongelea sigara na presha amechelewa sana.

Mtu alipima ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikatoka safi, wiki mbili baadaye akaanguka akafa. Inakuaje?

Swali hili linauma na linaulizwa kila mara, watu wanadhani daktari alidanganya. Kuna mambo mawili tulifundishwa na patholojia hapa.

La kwanza, mshipa unajihami. Plaki ikikua ukuta unatanuka kwenda nje, njia ya damu inabaki na upana uleule. Mwaka 1987 mtafiti Seymour Glagov na wenzake walionyesha kwamba plaki inaweza kufika kama asilimia 40 ya eneo la mshipa ndo njia ianze kuwa nyembamba. Kwa hiyo mtu anakimbia, anapanda ngazi, hasikii chochote, na ECG ya akiwa ametulia haina cha kuonyesha kwa sababu damu inapita vizuri.

La pili ndo zito zaidi: kinachoua mara nyingi sio plaki kubwa, ni plaki laini. Ile yenye uji mwingi ndani na kifuniko chembamba, wataalamu wa patholojia wanatumia kipimo cha chini ya mikromita 65, hapo kumbuka zile seli nyeupe bado zimo ndani na zinatoa vimeng'enya vinavyolainisha kolajeni. Siku moja kifuniko kinapasuka, ule uji unakutana na damu, na damu ikikutana na uji ule inaganda hapohapo. Mshipa uliokuwa umeziba nusu tu unaziba wote kwa dakika chache. Kuna na aina nyingine ambayo kifuniko hakipasuki, utando wa juu tu ndo unachubuka na damu inaganda juu ya mchubuko, hii inaonekana zaidi kwa wavutaji sigara na kwa wanawake ambao umri haujaenda sana, wale ambao mara nyingi wanaambiwa ni stresi tu warudi nyumbani.

Kwa hiyo ECG safi inakuambia moyo uko sawa saa ile ulipopimwa. Haikuambii kilichomo ukutani.

Msuli wa moyo ukikosa damu unakufa kwa muda gani?

Seli zinaanza kufa kabisa, bila uwezekano wa kurudi, baada ya dakika 20 hadi 40. Haufi wote kwa mpigo, mwaka 1977 watafiti Reimer na Jennings walionyesha kwa mbwa kwamba kifo kinaanzia upande wa ndani wa ukuta wa moyo na kusogea taratibu kuelekea nje kwa masaa kadhaa, na kila kinaposogea ni msuli unaopotea. Ndo maana maumivu ya kubana kifuani, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, jasho jingi na kukosa pumzi ni ya kukimbilia hospitali sasa hivi, sio kulala kwanza uone kama kutakucha.

Kinachofuata kwenye hadubini kina ratiba. Siku ya kwanza mpaka ya tatu zimejaa seli nyeupe, kuanzia kama siku ya tatu hadi ya saba makrofaji wanabeba maiti za seli na hapo ukuta unakuwa mlaini kweli, unaweza hata kupasuka, kwa hiyo mgonjwa anayejisikia nafuu akataka kutoroka wodini siku ya nne asikubaliwe. Baada ya wiki kama nane pamebaki kovu gumu. Kovu halisukumi damu. Msuli wa moyo unajitengeneza upya kwa kiasi kidogo mno, watafiti wa Sweden mwaka 2009 walikadiria kama asilimia 1 ya seli kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na inazidi kushuka kadiri unavyozeeka.

Nimesikia wamekuta plastiki kwenye mishipa, ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2024 watafiti wa Italia walichukua plaki zilizotolewa kwa upasuaji kwenye mishipa ya shingo, katika wagonjwa 257 waliofuatiliwa, 150 plaki zao zilikutwa na plastiki aina ya polithini, na hao ndo waliopata zaidi mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Bado haithibitishi kwamba plastiki ndo iliyosababisha. Sigara na presha ushahidi wake ni wa miongo mingi, anza na hivyo.

Plaki ikishaota inaweza kuondoka?

Kuisha kabisa ni ngumu, kutulia inawezekana na hilo ndo la maana. Dawa za statini zikishusha LDL vizuri, uji wa ndani unapungua, kifuniko kinakuwa kinene, na madini ya kalsiamu yanaweza hata kuongezeka kwa sababu plaki inakauka, kwa hiyo usiache dawa eti kwa sababu kipimo cha kalsiamu kimepanda. Upande wa inflamesheni nao ulijaribiwa, utafiti wa CANTOS wa 2017 ulitumia dawa inayotuliza inflamesheni bila kugusa kolestro na matukio ya moyo yakapungua kwa kama asilimia 15 kwenye kimojawapo cha viwango vya dozi vilivyojaribiwa, ila maambukizi yanayoua yaliongezeka kidogo.

Ndugu yetu kijana kafa ghafla, posmotamu (uchunguzi wa maiti) itatusaidia nini sasa?

Itawasaidia nyinyi mliobaki. Kwa kijana mara nyingi sio plaki. Unaweza kukuta nyuzi za msuli zimekaa shaghalabaghala na ukuta umekuwa mnene, au msuli wa upande wa kulia umegeuka mafuta na kovu, na magonjwa haya yanarithiwa. Wakati mwingine ni virusi, msuli umejaa seli za kinga. Na kuna moyo unaoonekana mzima kabisa, hapo shaka inahamia kwenye hitilafu ya umeme wa moyo ambayo inatafutwa kwenye jeni, na fomalini inaharibu DNA, kwa hiyo ombeni mapema ihifadhiwe damu au kipande kibichi cha bandama kwenye baridi kali. Majibu yakionyesha ugonjwa wa kurithi, wazazi wake, ndugu wa tumbo moja na watoto wake wote wapimwe ECG na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), hata anayejisikia mzima.