Kura 233: kwa nini kiti kitupu bungeni huzuia mabadiliko ya Katiba

Mbunge wa Kenya anayetaka kuzuia mabadiliko ya Katiba hana haja ya kupiga kura ya la. Akibaki nyumbani, inatosha. Kifungu cha 256 kinadai theluthi mbili ya wabunge wote, wala si ya waliofika siku hiyo. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, hivyo zinatakiwa kura 233. Katika Seneti yenye maseneta 67 zinatakiwa 45. Hesabu hiyo hufanywa mara mbili katika kila bunge, mswada unaposomwa mara ya pili na mara ya tatu, na baada ya kusomwa mara ya kwanza sharti zipite siku 90. Miswada ya usawa wa jinsia imekwama hapo zaidi ya mara moja. Waliopinga walikuwa wachache. Kura za ndiyo ndizo zilizopungua.

Ugumu huu una chanzo chake. Mwaka 1982 Bunge liliongeza kifungu cha 2A katika Katiba ya zamani, Kenya ikawa ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 likawaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Mwananchi hakuulizwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 255, ikatenga mambo kumi ambayo Bunge haliwezi kuyagusa bila kura ya maamuzi, yakiwemo muhula wa Rais, Sheria ya Haki (sura ya haki za msingi za raia), uhuru wa Mahakama, majukumu ya Bunge lenyewe na muundo wa ugatuzi. Pendekezo hupita likiungwa mkono na wengi wa waliopiga kura, mradi angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24. Asilimia hiyo ni ya kujitokeza, si ya kusema ndiyo. Watu wengi huchanganya hapo.

Njia ya wananchi, Kifungu cha 257, huanza na saini milioni 1 za wapiga kura waliosajiliwa. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani ya kubadilisha Katiba, iliwasilisha zaidi ya hizo, lakini mwaka 2016 tume ya uchaguzi, IEBC, ikakubali 891,598 tu. Anayekusanya milioni kamili, basi, ameshashindwa. Saini zikikubaliwa, mabunge ya kaunti hupewa miezi mitatu, na yasiyopungua 24 yakiidhinisha, mswada huenda Bungeni, ambako wingi wa kawaida wa wabunge unatosha. Bunge moja likikataa, mswada haufi: unapelekwa kwa wananchi.

Je, Rais anaweza kuitumia njia hii? Katika kesi ya BBI, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kubadilisha Katiba, tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ilisema hawezi kuianzisha, kwa kuwa ni ya raia. Ilibatilisha pia sehemu ya kugawa maeneobunge mapya 70, kwa sababu iliingizwa bila umma kushirikishwa.