"Alianza na sifuri": tuangalie mtumbwi ulitoka wapi

Mwaloni Kirumba, soko kubwa la samaki na dagaa jijini Mwanza, utasikia kwamba fulani ametajirika kwa kujituma, na mwenzake amebaki kibarua kwa uvivu. Imani hii ni ya zamani, na inawaonea watu.

Tazama uvuvi wa dagaa. Wanaovuta nyavu usiku kucha kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwa haipo, hawana uvivu hata kidogo. Lakini asubuhi, gharama za mafuta na taa zikishatolewa, mwenye mtumbwi, injini na nyavu kwa kawaida huchukua fungu nono, hata kama alilala kwake. Kijana aliyeachiwa mtumbwi na baba yake anaanzia kwenye fungu hilo. Kibarua anaanzia kwenye kamba.

Juhudi zina kazi yake, sikatai. Ila nyavu zikichukuliwa na dhoruba, mwenye kiwanja cha urithi chenye hati anaweza kukiweka dhamana benki, akakopa, akarudi ziwani. Asiye nacho, mtaji umekwisha hapo hapo.

Kuna pia misaada ambayo haihesabiwi kabisa: kukaa kwa shangazi mtaani Nyakato, hapo hapo Mwanza, bila kulipa kodi, ada iliyolipwa na mjomba, kaka anayemfahamu mnunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara. Wakati huo huo, kijana wa familia maskini anatuma nyumbani hela ya dawa na unga kabla hajaweka akiba hata ya nyavu moja.